Kikombe cha Mzee Enoch

Dawa ilitoka bombani ikiwa zambarau kama divai ya kanisani, ikamwagikia ndooni, na Stan Hobday akaachia mpini. Mkono wake ulibaki hewani. Zambarau hii alikuwa ameivuta kule baa ya Mbweha pia, asubuhi. Hilo alilikumbuka vizuri. Na maji ya kuisukuma nje, je? Maji hakuyakumbuka.

"Vipi, umeona panya?" aliuliza Clem, mwenye baa ya Kengele Sita, huku akifuta bilauri.

Stan aliikodolea macho ndoo. Kazi yake ilikuwa hii tu: kutembea na mkoba wa dawa, kijiji hadi kijiji, akiosha mipira inayopandisha bia kutoka chumba cha chini. Unavuta dawa, unaiacha ikae, kisha unavuta maji mpaka yatoke meupe. Lakini leo kule Mbweha, dawa ikiwa imekaa, Maureen, mwenye baa, alimletea kipande cha pai pamoja na habari motomoto ya mpiga kinanda wa kanisa na mke wa mchinjaji. Stan akala, akacheka mpaka machozi, akabeba mkoba wake, akaaga.

Dawa ile huchubua koo.

"Clem, naomba simu, nipige Mbweha."

Mlio wa simu inayotumika. Akapiga tena. Vilevile.

"Unamtafuta Maureen? Basi anaongea na dada yake. Hapo watausengenya ukoo mzima."

"Gari lako?"

"Mke wangu kaenda nalo mjini. Kuna nini?"

"Nimesahau brashi."

"Brashi tu, na umekuwa mweupe kama unga?"

Kwenye baa nyingine mtu angeiona ile rangi kwenye bilauri, wangecheka, yakaisha. Lakini bia ya kwanza pale Mbweha ni ya Mzee Enoch Bebb, kila siku, mlango unapofunguliwa. Naye hunywea kikombe chake cha bati, kile kinachoning'inia kwenye ndoano juu ya kaunta. Ndani ya bati hakuonekani rangi. Na macho ya Enoch yalikwisha kuondoka zamani, yakamwachia vivuli.

Stan aliuacha mkoba hapohapo sakafuni akatoka.

Aliteremka kilima mbio, akaruka ngazi ya uzio, akaingia malisho ya chini. Huko walikuwa maksai wachanga. Waliinua vichwa wote kwa pamoja. Akijua wazi kwamba ukikimbia nao hukimbia, alijilazimisha atembee. Walimfuata. Alisikia pumzi zao mgongoni, kwato zikichapa tope, na kila hatua ya taratibu ilimuuma kama jino, kwa kuwa ng'ambo ya vilima viwili huenda kikombe kilikuwa tayari kimeshashushwa. Pua yenye unyevu ilimgusa kiwiko. Hakugeuka. Alipofika uzio wa pili aliuruka, akakimbia tena.

Baa ya Jembe ilikuwa imejaa pomoni.

"Stan! Mume wa nani anakukimbiza?" alipiga kelele Beryl, mwenye baa, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Gethin, trekta yako iko nje?"

"Iko. Nina bia hapa, bwana. Kuna nini?"

Walimtazama wote, bilauri mikononi. Mipira ya Jembe alikuwa ameiosha mwenyewe asubuhi ileile. Akilisema hili, limekwisha. Litamtangulia kila kijiji, na hakuna mwenye baa atakayempa tena ufunguo wa chumba cha chini. Kazi nyingine hakuwa nayo. Angeweza kusema brashi.

"Nimeacha dawa kwenye mpira kule Mbweha," alisema. "Enoch atainywa."

Kicheko kilikatika. Kisha bilauri moja ikawekwa mezani, polepole. Ikafuata nyingine. Na nyingine.

"Hapa alipitisha maji," Beryl alisema kwa haraka. "Nilimwona mimi mwenyewe, jamani!"

Hakuna aliyeinua tena. Gethin alikuwa ameshashika kofia yake.

Gethin aliliendesha trekta kwa kasi yake yote. Ua wa miti ulichapa pande zote mbili, na Stan alishikilia chuma kama mtu anayeanguka.

Mlango wa Mbweha ulikuwa wazi. Jambo la kwanza alilotazama lilikuwa ndoano. Haina kitu.

Enoch alikuwa kwenye kiti chake dirishani, kidevu kimezama kifuani, mikono imezunguka kikombe. Hakutikisika.

"Mzee Enoch." Stan alimwinamia. "Mzee Enoch!"

"Usinipigie kelele, mimi ni kipofu, si kiziwi." Kidevu kiliinuka. "Ndiyo umefika? Maureen kanijazia akaniacha, simu kaibana begani toka saa ile. Tangu Edith wangu afe sinywi bia ya kwanza bila mtu wa kugongana naye. Haya, chukua chako, nimekauka."

Stan alikitoa kikombe katika vidole vile. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Alikimimina kwenye sinki, na Maureen, aliyekuwa bado ananong'ona, akaiona rangi ikizunguka kwenye tundu. Mkono wa simu ulimponyoka, ukabaki ukining'inia kwa waya wake.

Stan alivuta maji, ndoo baada ya ndoo, muda mrefu baada ya kutoka meupe. Kisha akavuta bia, akaijaza bilauri, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona zambarau. Akainywa yote yeye, wakiwa wamemkazia macho.

"Sasa yangu," alisema Enoch, akinyoosha mkono hewani.

Maureen alikuwa amekwisha kukiosha kikombe. Amekibana kifuani kwa mikono miwili, anamtazama Stan, hajakiachia. Chini ya kaunta sauti ndogo ya dada yake iliendelea kuuliza: "Maureen? Kuna nini huko? Maureen?"