Bata wa Ng'ambo ya Mfereji

Siku ya msimu wa Rajabu, Rasmiya alikuwa uani akichanganya pumba na makoko ya wali, mikono imemjaa hadi viwikoni, Bi Fikriya alipoingia kwa mlango wa nyuma na kapu kichwani. Bi Fikriya alikuwa mama yake Ibtisam, bi harusi aliyeolewa na mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Rasmiya alikuwa mke wa mtoto wa kwanza. Desturi ya msimu, sikukuu ambayo bi harusi hupelekewa zawadi na watu wa kwao, inataka mama yake alete bata waliokwisha chinjwa na kuokwa kwa samli. Ndani ya kapu lile mlikuwa na bata watatu hai, weupe, kila mmoja na uzi mwekundu mguuni.

"Tanuri limebomoka," Bi Fikriya alieleza kabla hajaulizwa. "Nikaona haya kuja mikono mitupu. Tena hawa wanataga, mwanangu apate chochote cha kwake."

Hajati Inshirah, mwenye nyumba na mama mkwe wa Rasmiya na Ibtisam, aliwapapasa bata vifuani kama anayechagua matikiti.

"Haidhuru, Mama Ibtisam," alisema. "Waache uani wazoee."

Alisema kwa upole, maana Hajati hakuwa mtu wa kelele. Watu wa kelele unaweza kuwajibu.

Kuwazoesha bata ni kazi, na Rasmiya aliijua. Wageni hawatupwi tu katikati ya wenyeji. Unawatenga kwanza nyuma ya wavu, waonane bila kugusana, unawapa beseni lao la maji wasigombane, halafu jioni moja unauondoa wavu wakiwa wanasinzia, ili waamke pamoja wakidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kwa hiyo alikwenda kuchukua chaga ya kitanda kibovu, akaziba nayo pembe ya ua. Hajati akaja akaiondoa kwa mkono mmoja.

"Hapa si hoteli," alisema. "Nyumba moja, ua mmoja, beseni moja."

Ibtisam aliteremka na makombo ya mkate, akawaita bata wake kama wanavyoita kwao, ng'ambo ya mfereji: "Wii-wii-wii." Wale watatu wakamkimbilia, mabawa wazi. Hajati alicheka hadi akashika ukuta.

"We binti, unaita bata au unapuliza chai? Hapa tunasema tak-tak-tak. Bata wa nyumba hii wanajua neno moja tu."

Wenyeji walianza kuwadonoa wageni siku ileile. Wageni hawakutoka damu, wala hawakupoteza hata unyoya. Kila walipodonolewa walipungua umri. Walifukuzwa kwenye beseni, wakadonolewa shingoni, na asubuhi iliyofuata wakaamka ni bata wa mwaka mmoja nyuma. Siku chache baadaye sauti zao zilirudi kuwa nyembamba, na manyoya meupe yakawa malaika ya manjano. Nyuzi nyekundu ziliwavuka miguuni, zikabaki kwenye tope. Ibtisam aliziokota akazifunga mkononi mwake.

Jirani, Mama Sayyid, alichungulia juu ya ukuta.

"Naona wameanza kurudi," alisema. "Wangu wa mwaka jana walimaliza upesi, hawakuwa na nguvu. Hajati yupo? Nataka chekeche."

Alipewa chekeche akaenda zake.

Ibtisam alimwambia mumewe, Mitwalli. Mitwalli alikuwa anakula maharage.

"Mama anajua bata kuliko mimi na wewe," alijibu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwachia mkewe kitunguu kizuri na kwenda shambani.

Basi Ibtisam aliwachukua vifaranga wake akawaficha chumbani, ndani ya beseni la kukandia unga, akakisukuma kitanda mlangoni. Hajati alisimama chini ya ngazi wala hakupanda. "Tak-tak-tak," aliita, mara moja tu. Vifaranga, ambao tangu wafike hawakuwahi kulijali neno hilo, walijipenyeza chini ya mlango wakashuka ngazi kwa kuruka, kidato kwa kidato, hadi miguuni kwake. Ibtisam aliwatazama kutoka juu. Rasmiya, aliyekuwa akisugua sakafu, alimwona amefumba mdomo kwa kiganja, naye akaendelea kusugua.

Adhuhuri walikutana kwenye bomba.

"Dada Rasmiya, wapeleke kwetu," Ibtisam alinong'ona. "Mimi siruhusiwi kutoka mpaka msimu mwingine. Wewe unakwenda mashineni kusaga. Pitia darajani tu, nyumba yetu ndiyo ya kwanza. Mama atawajua. Hata wakiwa wadogo hivi, atawajua."

"Nikiulizwa?"

"Sema ulipotea njia."

"Nilipotea miaka minane iliyopita, mwenzangu," Rasmiya alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, puani.

Aliwaweka vifaranga kwenye kapu, akawafunika kwa kitambaa, juu yake gunia dogo la ngano. Alivuka shamba la majani ya ng'ombe akafika darajani. Ng'ambo aliliona paa la Bi Fikriya, nguo zimeanikwa, na moshi wa tanuri lililokwisha tengenezwa. Alitaka kuvuka. Katika maisha yake hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kuvuka daraja lile. Ndipo akasikia, kwa mbali, Hajati akiita bata wake chakula cha mchana: tak-tak-tak. Miguu yake ikageuka. Aliisihi, akaitukana, akashika ukingo wa daraja kwa mikono yote miwili, na miguu ikaendelea kugeuka mpaka mikono ikaachia. Alilia njia nzima, akafika kwa wakati wa kupakua.

Hajati alifunua kapu.

"Umewatembeza? Umefanya vizuri," alisema. Ndani mlikuwa na mayai matatu.

Hajati aliyaweka chini ya bata wake aliyekuwa akiatamia nyuma ya tanuri. Wakati ule Rasmiya akakumbuka kwamba hata yeye aliingia nyumba hii na kapu. Alikumbuka kapu lenyewe, la makuti, lenye mkono uliofungwa kwa kitambaa cha buluu. Bata hakuwakumbuka hata kidogo.

Mayai yalianguliwa siku zake zilipotimia. Vifaranga walitoka weusi wenye mabaka, kama bata wote wa ua ule. Hakuna aliyewadonoa. Hajati alifurahi kweli, na mchana alimkatia Ibtisam paja la bata kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Kula, bi harusi. Sasa ni wetu."

Ibtisam alikula. Rasmiya aliutazama mkono wa mwenzake ukienda sahanini na kurudi, haukuwa na nyuzi, wala hakujua zilivuka lini.

Msimu wa nusu ya Shaabani Bi Fikriya alikuja tena, kapu kichwani. Alimkuta Ibtisam anafagia ua, amempa mgongo.

"Ibtisam!" aliita. Ufagio haukusimama.

"Ibtisam, mwanangu!"

"Bi harusi," Hajati aliita kutoka kibarazani, bila kupaza sauti.

Ibtisam aligeuka mara moja, akafuta mikono, akaja akambusu mgeni mashavu yote mawili kwa adabu nzuri sana.

"Karibu, mama. Umetoka mbali? Wako hawajambo huko kwenu?"

Bi Fikriya alimtazama usoni, akalitua kapu, akaenda katikati ya ua, akaita, "Wii-wii-wii." Bata waliendelea kukoroga tope. Aliita tena, sauti ikamkatika. Ibtisam alitabasamu.

"Mama, unaita bata au unapuliza chai?"

Bi Fikriya alimgeukia Rasmiya, aliyekuwa amesimama na bakuli la pumba, akamshika mkono.

"Na wewe, binti yangu? Mama yako alikuwa anawaitaje?"

Rasmiya aliliona kapu la makuti. Aliuona mkono wa mwanamke ukifunga kile kitambaa cha buluu, na mdomo wa mwanamke huyo ukifunguka kuita. Naye akafungua wake.

"Tak-tak-tak," alisema.

Bata wote wakaja mbio. Ibtisam naye akaja, akasimama pamoja nao mbele ya bakuli.

Ndani ya kapu la Bi Fikriya kitu kilijigeuza. Kwa kuwa Ibtisam alikuwa amewasifu sana wale wa kwanza, siku walipofika, mama yake alimletea wengine wawili, weupe.

"Wafungue, Rasmiya," Hajati alisema. "Waache wazoee."

Rasmiya aliweka bakuli chini, akapiga magoti, akaanza kufungua.