Soma Kuanzia Juu

"Nilikuuliza, ukanipa kidole gumba!"

"Kidole gumba siyo ruhusa, kaka Gahungu!"

"Sasa kilikuwa nini? Salamu?"

Walikuwa wanagombana mlangoni kwangu, Cosmas ndani, Gahungu koridoni na beseni lake la nguo, na mimi katikati, sare ya kazini bado mwilini, miguu imevimba kama maandazi. Kutwa nzima nimegeuza wazee wa watu vitandani. Nilichotaka ni kukaa.

Kompyuta waliyokuwa wanaigombea, ile kubwa ya Linux, waliinunua kwa kuchangiana. Ikawekwa sebuleni kwangu kwa sababu Cosmas amebanana na wanafunzi wenzake chumba kimoja, na kwa Gahungu kuna mapacha wanaong'oa kila waya. Kwangu mlango haufungwi. Jengo zima hapa Fairfax, Marekani, linajua: ukitaka chumvi, kiti au habari, nenda kwa Eufra.

Sasa Gahungu anasoma kozi ya kompyuta, na kozi yake inataka matoleo mapya. Wiki iliyopita akaandika kwenye grupu la jengo kwamba anasafisha mashine, anaapdeti kila kitu. Cosmas katoka kubeba maboksi, macho hayaoni, akabonyeza kidole gumba bila kusoma. Grupu letu ndivyo lilivyo. Juzi mtu katangaza msiba, akapata vidole gumba tele.

Kesho yake programu ya Cosmas ikagoma. Ni ya kukadiria mafuriko ya mto wa kwao Kyela, na ndiyo masomo yake yote. Profesa anataka kuiona ikifanya kazi leo kabla ya jioni, la sivyo hasaini. Muhula ukiisha bila sahihi, karatasi za Cosmas za kukaa nchi hii zimeisha nao.

"Rudisha mashine ilivyokuwa," Cosmas akasema.

"Nikirudisha, kazi yangu inakufa. Weye petit, mtoto mdogo, una kichwa ngumu!" Kirundi chake, Kifaransa chake, vyote vilitoka. "Basi! Mimi hapa sirudi!"

Akaondoka. Beseni akaliacha.

Cosmas akarudi kwenye kiti kama gunia lililotupwa. Alishanieleza shida yenyewe. Kuna kitu kinaitwa CMake, ndiye nyapara wa ujenzi: anasoma mchoro wa programu, halafu anamwita fundi anayeitwa kompaila. Nyapara mpya wa Gahungu hasomi michoro ya kizamani. Kwa hiyo Cosmas alimleta nyapara wa zamani, akampa folda yake pembeni, asigusane na yule mpya. Na bado haikukubali. Kila akibonyeza, skrini inajaa maandishi mekundu, naye anaangalia mstari wa chini kabisa, anafumba macho.

Nikawa nakoroga sombe na ndagala, kisamvu kwa dagaa. "Inasemaje?"

"Imeshindwa."

"Hayo ni ya mwisho. Mwanzo ilikuwaje?"

"Dada, sina nguvu."

"Mimi umbea sisikilizi kuanzia mkiani. Ukiniambia fulani kaachika, nitakuuliza walianza kununiana lini. Panda juu, nisomee."

Akapandisha maandishi, nadhani ili ninyamaze tu. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatwa. Katikati akasogeza uso karibu na skrini.

"Nini?"

"Inatafuta kompaila ya zamani. Haipo. Gahungu alipoapdeti, iliondoka, ikaja nyingine." Akajikuna kidevu. "Folda yangu ya ujenzi, si ile ya nyapara, bado imeshika anwani ile. Inabisha hodi kwa mtu aliyehama."

"Dawa yake?"

"Kuifuta folda, kujenga upya. Ni kitu cha kwanza wanachotufundisha." Akacheka bila furaha. "Wiki nzima namtukana mtu."

Akafuta, akaanzisha tena, akalaza kichwa mezani. "Usiniambie imefika wapi." Feni za mashine zikaunguruma. Mimi nikasimama na mwiko, natazama asilimia zikipanda. Zilipotokea rangi za njano nikamgusa bega. Akafungua jicho moja. "Maonyo tu. Acha."

Ikafika mwisho. Akaiwasha, na mto wa buluu ukatambaa juu ya ramani, ukafunika mashamba. Akarekodi skrini, akamtumia profesa. Jibu lilikuja fupi: nimeona, njoo Jumatatu nisaini. Cosmas hakuruka wala hakupiga kelele. Alivua miwani, akafuta uso mzima kwa kiganja, halafu akafungua kazi ya Gahungu kwa nyapara mpya, kuhakikisha haijaharibika. Nayo ilifanya kazi.

Hatua zikasikika koridoni. Gahungu kaja kuchukua beseni, anatazama sakafu tu.

"Kaka," Cosmas akasema, "yangu imekubali. Yako nimeijaribu, nzima. Folda ilikuwa kosa langu."

"Na kidole gumba?"

"Na kidole gumba."

"Na mimi ilinipasa nigonge mlango, nikuulize kwa mdomo." Akainama kushika beseni. "Haya. Mimi nimeshakula."

"Nani kakuuliza kama umekula?" Nikaweka mguu wangu uliovimba juu ya nguo zake. "Sufuria hii ni ya watu wengi, na mimi siwezi tena kusimama. Waite mapacha, wakae mbali na waya. Ingia, baba, tule."