Kaka wa Kwenye Faili

Afisa aliuliza baba wa mtoto yuko wapi, na mimi baba wa mtoto nikajibu kwamba alikufa.

Nilijibu kwa Kiswahili, macho yangu yakiwa kwa Diane, mkalimani, mama mmoja wa Bujumbura aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Diane akayageuza maneno yangu kuwa Kiingereza safi: alikufa vitani, mtoto akiwa bado tumboni. Larissa alikuwa ameketi kati yangu na mama yake, miguu yake haifiki sakafuni. Alikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumemfundisha kwa wiki tatu, kila jioni baada ya chakula, na afisa alipomwinamia kumwuliza mimi ni nani, hakusita. "Ni mjomba wangu," alisema, kwa sauti ileile anayosomea mashairi shuleni. Nimefundisha watoto wengi maishani mwangu, na wengi walisahau somo kabla kengele haijalia. Huyu wangu alilishika barabara. Niliona fahari, kisha nikaona haya.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakutujua sisi. Yetu siku ile ilikuwa na umri wa miaka tisa, na bado ilikuwa inaendelea.

Huko Uvira nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kila mwaka, muhula wa pili, nilichora ubaoni ghuba ya Durban kwa chaki, nikaandika vichwa vitatu: historia, uchumi, vivutio. Wanafunzi walikariri kwamba zamani meli zilikwama mchangani mlangoni mwa ghuba, hadi watu walipochimba njia. Kwamba Wahindi waliletwa kwa mikataba kulima miwa. Kwamba sukari hulala kwenye maghala makubwa ikisubiri meli, na kusini mwa mji kuna viwanda vya mafuta na vya magari. Chini ya vivutio niliandika ufukwe, nikapiga mstari. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona ziwa letu tu. Vita vilipofika mtaani na nyumba yetu ikaungua, mke wangu Immaculée aliniuliza tukimbilie wapi, nikasema Durban. Wenzangu walikimbilia kwa shangazi na binamu zao. Mimi nilikimbilia kwenye somo langu.

Tulifika Immaculée akiwa na mimba ya miezi minne. Tulikaa kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi siku tatu, na nyuma yetu alikuwa Japhet, jamaa wa Fizi aliyezijua foleni hizo kuliko walinzi wake. Aliniuliza kama tuna cheti cha ndoa. Nikamwambia kiliungua na nyumba.

"Sasa mwalimu, hapana sema huyu ni bibi yako," aliniambia. "Watakutafutia shida. Sema ni dada. Dada haombwi cheti. Na ile mimba, useme bwana yake alikufa ku vita."

Kwetu kaka na dada huwa na majina tofauti kabisa, kila mtoto na lake, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ambayo ingetusuta. Nilikuwa mtu mzima mwenye diploma, na nilifuata ushauri wa foleni. Niliandika dada. Nilidhani ni neno la kutuvusha mlangoni tu, kisha tutalirekebisha siku moja tukitulia. Majuto ni mjukuu, na hatukutulia.

Nyumbani, katika chumba chetu cha mtaa wa Umbilo, alikuwa mke wangu na mimi mume wake. Larissa alipozaliwa, akaanza kuniita Baba Larissa nami nikamwita Mama Larissa, kama ilivyo desturi. Majina yetu ya ubatizo tukawaachia polisi na watu wa benki. Yeye alisuka nywele kwenye saluni mjini kati. Mimi nikapata kazi ya kulinda magari karibu na mlango wa bandari, nikavaa fulana ya manjano inayong'aa, nikipungia madereva mkono warudi nyuma, waje, waje, basi. Wageni wa Johannesburg waliposhuka na watoto wao kutazama meli zikiingia, niliwapa somo. Historia, uchumi, vivutio. Walishangaa mlinzi anajua habari za miwa na mchanga wa ghuba. Ila nilikuwa nimeongeza kitu ambacho kitabu changu hakikuwa nacho: chini ya uchumi niliweka wanaosuka nywele, wanaotengeneza simu, na wanaolinda magari ya watu waliokuja kutazama vivutio. Wengine walicheka. Larissa, siku za likizo, alikaa kwenye ukuta wa mawe akasikiliza somo hilo mara kumi kwa siku, akanisahihisha nikiruka kitu.

Nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu wakati ule sikuijua.

Larissa alipokuwa na miaka sita, wiki moja mji ulitugeukia sisi wageni. Nilisikia habari nikiwa kazini, nikakimbia hadi mjini kati na fulana yangu ya manjano. Watu walikuwa wanapiga mlango wa chuma wa saluni kwa mawe, Larissa na mama yake wakiwa ndani. Nilizunguka nyuma, nikavunja dirisha la choo, nikawavuta mmoja mmoja, mtoto kwanza. Mkono wangu wa kulia una kovu hadi leo, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba Larissa hakusema kitu kwa wiki tano. Alikuwa anakula, anaoga, anatutazama, bila sauti. Siku aliyosema tena aliomba chumvi, na mama yake akaiacha sufuria ikaungua.

Baada ya hapo shirika moja linalohamishia wakimbizi nchi za mbali lilimwita Immaculée. Mwanamke asiye na mume, mwenye mtoto, aliyeshambuliwa: watu wa namna hiyo wanatangulizwa. Mimi nilikuwa kaka mtu mzima, nina faili yangu, na yangu, walisema, itafuata. Tukiungama kwamba tulidanganya, faili zote mbili zinafungwa. Ndivyo tulivyofika mbele ya afisa yule na Diane, na ndivyo nilivyojiua kwa mdomo wangu.

Karibu kila kitu kilikwenda kama tulivyopanga. Kisha afisa akamwuliza Immaculée nani aliwatoa saluni siku ile. Alikuwa amejibu maswali kwa saa mbili, amechoka, na siku ile ilikuwa imemrudia usoni.

"Baba Larissa alivunja dirisha," akasema.

Hakuna mwanamke wa kwetu anayemwita kaka yake hivyo. Afisa hakuelewa kitu, alikuwa anasubiri Kiingereza chake. Lakini Diane ni wa ng'ambo tu ya ziwa letu, anazijua desturi zetu. Alinitazama juu ya miwani yake, akamtazama mtoto, na nikajua ameshaona yote, kitanda kimoja cha Umbilo na miaka yote tisa. Sitaficha: niliomba moyoni aseme ukweli. Faili ingefungwa, tungepanda taksi kurudi nyumbani sote watatu, tungeogopa pamoja. Diane alirekebisha miwani.

"Kaka yake alivunja dirisha," alimwambia afisa kwa Kiingereza.

Alituhurumia. Hadi leo sijui nimshukuru au nimlaani, na siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chai.

Majibu yalichukua mwaka. Kanada, mji wa Winnipeg, watu wawili.

Jumamosi ya mwisho niliivua fulana, tukatembea Durban kama wageni wa Johannesburg. Miaka kumi nilikuwa nimelinda magari ya watu wanaokwenda kuona vitu ambavyo sisi hatukuwahi kuviona. Tulipanda kile kigari kinachovutwa hadi juu ya tao la uwanja wa mpira. Immaculée alifumba macho njia nzima. Larissa alibandika pua kwenye kioo na kunisomea somo langu kutoka juu: ile ghuba, yale maghala ya sukari, yale makontena, kule kusini moshi, huku ufukwe. "Na kule ni kwetu," akasema, akionyesha Umbilo, paa kati ya mapaa. Tulikula mkate uliochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage, tukachafuka hadi viwikoni. Mtoto alicheka sana siku ile. Mimi na mama yake tulikuwa tunacheka nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo.

Jioni tulikaa mlangoni mwa bandari, mahali pangu pa kazi. Meli ya magari ilikuwa inaingia polepole, ndefu kama mtaa, na Larissa alikimbia kando yake ukutani akiwapungia mabaharia mkono. Immaculée alingoja afike mbali.

"Tuseme kweli, Baba Larissa," alisema. "Safari bado. Jumatatu tuende kwa ile ofisi, tuseme wewe ni bwana yangu. Wakikataa, wakatae. Tutabakia hapa."

"Na mtoto?"

"Mtoto iko na baba yake."

Ningekaa na neno hilo kimya hata dakika moja, pengine maisha yangu yangekuwa mengine. Lakini mimi ni mwalimu. Nilimjibu kwa hoja. Shule. Usalama. Zile wiki tano bila sauti. Nikamwambia faili yangu itafuata, na yeye akishafika ataniita, kwa miezi, si miaka. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangusha mikono mapajani.

"Sawa," alisema. "Ni wewe unajua ramani."

Hajawahi mtu kunipiga kofi zito kama lile.

Uwanja wa ndege kulikuwa na watu wa shirika wenye orodha mkononi, kwa hiyo nilimkumbatia mke wangu kama kaka, kwa bega moja. Larissa nilimbeba. Mjomba anaruhusiwa kubeba.

Mwanzoni tulipigiana simu kila siku, halafu kila Jumapili. Mwaka wa kwanza ulipoisha Immaculée alikwenda kwa mwanasheria anayesaidia watu wa kanisa lake. Aliporudi alinipigia akilia. Kwa hesabu za huko kaka si familia. Na mume aliyefichwa siku ya kuingia haitwi baadaye; ukimtoa mafichoni unatoa na uongo wako, na unaweza kupoteza karatasi zako na za mtoto. Alilia juu ya jambo hilo kwa miezi mingi. Kisha akaacha kulia, kisha akaacha kulitaja. Faili yangu bado inafuata, sijui inamfuata nani. Simlaumu Immaculée. Ana miaka thelathini na sita, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na huko kote anajulikana kama mjane.

Januari iliyopita, Jumapili, ufukwe umejaa na magari yamebanana hadi barabarani, simu yangu iliita kwa namba ya Kanada nisiyoijua.

"Kaka Sébastien, Bwana asifiwe," alisema mwanamume, mtu mzima, sauti ya adabu. "Mi naitwa Jean-Bosco. Niko nasali pamoja na dada yako. Nimekuja kuwachukua kwa kanisa, nikasema acha nianze na wewe. Mtu haingii nyumba bila kupita kwa wenyewe."

Nikamwuliza dada yangu amesemaje.

"Alilia kwanza," alisema. "Halafu akanipa namba yako. Alisema, kaka yangu akikubali, nitakubali."

Nilisimama kati ya magari mawili. Nilimwuliza kile kaka anachopaswa kuuliza: kazi yake, ukoo wake, kama ana mke mahali. Ni mtu wa Uvira kama sisi, alifiwa na mke, anaendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Nikamwuliza kuhusu mtoto. Alisema Larissa ana akili sana na anapenda ramani, naye amemnunulia moja ya ukutani. Nilimchambua kama mchele, nikitafuta jiwe moja tu la kunisaidia kukataa, na sikulipata. Alingoja jibu langu bila kunisukuma. Mama mmoja alikuwa anapiga honi atoke, nikampungia mkono, aje, aje, basi.

"Nimekubali," nilisema.

"Aksanti, shemeji. Mungu akubariki, shemeji. Kuna mtu hapa anataka kukusalimia."

Larissa sasa ana miaka kumi na miwili, na sauti yake imeshaanza kufanana na ya mama yake. "Shikamoo, mjomba," alisema, kwa nguvu, ya kusikiwa na watu. Nikasikia hatua zake, mlango ukifungwa, halafu akanong'ona.

"Baba. Umekubali kweli?"

"Nimekubali."

"Mama iko kwa chumba, amejifungia." Akashusha sauti zaidi. "Na huyu, mi nitamwita nani?"

"Mwite baba," nilimwambia.

Kisha akaniuliza Durban ni saa ngapi, nikamwambia saa kumi jioni. Akasema kwao ni saa mbili asubuhi, na wanachelewa kanisani.