Duara Jekundu kwenye Bolti

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ya kukandia unga ilisimama. Ndani yake mlikuwa na donge la kilo arobaini, limeshatiwa hamira. Shule ya jirani ilitaka mikate themanini kabla ya saa nne, na ilikuwa imemwonya mwokaji mara moja: akichelewa tena, oda inahamia kwingine.

Fundi pekee aliyeijua mashine ile alikuwa mjomba wake, naye alikuwa kwake, ng'ambo ya mji, mguu kwenye plasta. Mwokaji akampigia kwa video, kwa simu aliyoinunua juzi tu.

"Shikamoo mjomba. Mashine imezira."

"Marahaba. Nionyeshe ubavuni, kwenye mkanda."

Akaelekeza kamera, kisha akasimama kama anayepigwa picha ya pasipoti, pumzi kaibana. Simu yake ya zamani ilimfunza hivyo kwa miaka mitano: ukitikisika tu, picha inavunjika vipande.

Simu ikakatika. Akapiga tena, akasimama vile vile. Ikakatika. Ya tatu pia. Akapiga ya nne.

"Mjomba, mbona unanikatia?"

"Nikukatie kwa raha gani? Kila ukipiga picha inaganda, nakata ili upige upya. Hata hii nayo... Ngoja. Mbona mshale wa hiyo saa ya ukutani, nyuma ya mashine, unatembea?"

"Saa ni nzima, kwa nini usitembee?"

"Basi na mtandao ni mzima. Kumbe wewe ndiye uliyeganda!"

"Natulia ili picha isiharibike!"

"Utatulia kaburini. Hapa sogea!"

Mwokaji akacheka mpaka simu ikatikisika. Picha haikuvunjika.

"Zima umeme kwanza."

Akazima. Ubavuni kulikuwa na bolti mbili zilizofanana kama mapacha: moja ya kukazia mkanda, nyingine ya kutolea oili. Kufungua ya pili kungeua kazi ya siku nzima. Mjomba akachora duara jekundu kwa kidole kwenye simu yake; likatokea papo hapo kwenye ya mwokaji. Akainama, akasogea kushoto, mwishowe akaiegemeza simu kwenye debe ili ashike spana. Duara halikubanduka kwenye bolti. Kichakata cha simu, yaani ubongo wake, kilikuwa kinapima upya mahali pa bolti mara nyingi kwa sekunde, na intaneti ya kasi, iliyofika mtaani mwezi uliopita, ilipeleka picha bila kusuasua.

"Legeza hiyo. Mkanda umechomoka; urudishe kwenye gurudumu la puli, vuta, kaza."

"Tayari."

"Ubonyeze kwa kidole gumba. Unabonyea kiasi gani?"

"Kama sentimita moja."

"Washa."

Saa moja na dakika thelathini na moja, mkono wa mashine ulizunguka.

"Mjomba, usiitoe hiyo plasta. Ukiwa mbali unafanya kazi upesi zaidi."

"Mpwa huna adabu. Angalia donge lako."

Saa tatu na dakika arobaini na mbili, mpishi wa shule alihesabu mikate themanini, akatia saini.