Bi Wastani na Mwaka wa Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya uchambuzi wa data, na tangazo lilisema mwombaji aje na uzoefu wake mkononi. Mimi sina ubishi na matangazo. Nilikuja na miaka yangu kwenye tenga, nimeifunika kanga isipate vumbi.

Miaka ya uzoefu haina uzito mmoja. Ule wa kwanza, niliposhinda nikisafisha majedwali ya watu na kuitwa binti wa kompyuta, ulikuwa mwepesi, ningeweza kuubeba kwa kidole. Ule niliojifunza kuandika programu zisizoanguka ulinitoa jasho ngazini, nikapumzika mara kadhaa.

Chumba cha usaili kina meza ndefu. Nyuma yake wameketi wajumbe watatu. Katikati yuko Bwana Ngalinda, meneja, mtu mpole mwenye kikombe cha chai. Kushoto kwake imeketi printa. Kulia limeketi kabati la seva, zee, linapumua kwa shida kama mwenye pumu. Nawaamkia. Kabati linaitikia marahaba. Printa inasema nayo haijambo, ila karatasi zinaisha.

Aliyenitangulia alikuwa bwana mmoja mwenye tai ya buluu. Katika miaka yake walikuta miezi mitupu, wakamuuliza aliifanyia nini. Akasema alikuwa akitafuta kazi. Printa ikamjibu kwamba kutafuta kazi si kazi, ikamfuta. Alifutwa kwa adabu, kuanzia viatu kwenda juu, huku akiwashukuru wajumbe kwa muda wao. Tai ilibaki kidogo hewani, kisha nayo ikaondoka.

Ikawa zamu yangu. Bwana Ngalinda anaitoa miaka tengani mmoja mmoja, anaipanga mezani, anaisifu. Katikati anakuta pengo. Ni la mviringo, lina upana wa mfuniko wa sufuria, na ndani yake unatoka ubaridi wa milimani.

"Hapa pana nini, dada?"

"Hapo nilikuwa Usangi," nikasema. "Nikimuuguza mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama aliugua, mimi nikaacha kazi Dar es Salaam, nikapanda Upareni, nikakaa naye mpaka alipofariki. Msibani mwenyekiti wa kamati alisimama akatangaza kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Nami, pamoja na kulia kote kule, nikajikuta nawaza kwamba kitaalamu si kweli, mapengo huzibwa kila siku. Ndiyo kazi yetu.

Tangu nirudi mjini nimesailiwa kila mahali, na kila mahali kidole cha msaili husimama palepale. Kazi hii niliihitaji kama maji.

"Jedwali lenye nafasi tupu haliingii kwangu," kabati likasema na kukohoa. "Nitakwama. Njia ni mbili. Tufute mstari mzima, au tuzibe kwa wastani."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Nimezifanya zote mbili. Mgonjwa fulani hakupimwa uzito, nachukua wastani wa uzito wa wenzake, nabandika pale, naenda kula chakula cha mchana.

"Mstari ni nani?" nikauliza, kwa uhakika tu.

"Ni wewe," ikasema printa.

Nikasema wazibe.

Mlango ukafunguka, tukawa jikoni kwetu Usangi. Hakuna aliyepanda mlima. Wajumbe wamehamia kwenye vigoda, kabati la seva limesogezwa mbali na mafiga kwa sababu ya joto, na lile pengo liko sakafuni, karibu na mtungi. Mbele ya moto ameinama mwanamke nisiyemjua.

"Huyu ni Bi Wastani," Bwana Ngalinda akamtambulisha. "Ni wastani wa mama wote nchini."

Si mrefu, si mfupi. Kanga yake imechanganya rangi za kanga zote mpaka imekuwa ya udongo, na maandishi yake yamelundikana hata hayasomeki. Ana watoto wanne na kitu. Hicho kitu amekibeba mgongoni, kimelala.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekonda kiasi."

Akanipakulia makande. Chumvi ilikuwa ya kadiri, mahindi yameiva kadiri, maharage hayakupondeka wala hayakuwa magumu. Sikupata cha kulalamikia, na hapo ndipo nilipoacha kula. Mama yangu aliunguza makande kila alipoyapika, kwa sababu redio ikianza kusoma utabiri wa hali ya hewa alikiacha chungu akaenda kubishana nayo. Tulikula ukoko utoto wetu wote, tukaamini ndivyo chakula kilivyo. Niliutamani ule ukoko mpaka taya zikauma. Nilimtamani mama.

Nikamuuliza Bi Wastani, kama yeye ndiye wa kukaa pale, aniambie mama alisema nini jioni ile ya mwisho.

"Alisema mpendane na mtunzane," akajibu.

"Aliuliza kama nimefunga banda la kuku."

"Hilo lilikuwa mbali mno na katikati," akasema kwa upole. "Tuliliondoa."

Sikuweza kumchukia. Alinifuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akaniambia ananipenda. Nilipomuuliza ananipenda kiasi gani, akasema kiasi.

Bwana Ngalinda akatazama saa, akasema basi Bi Wastani aingie pengoni, kazi ni yangu, nianze Jumatatu. Kabati likaona liniweke wazi, maana ni zee na lina dhamiri. "Akishaingia hatoki. Ukipita muda, hata wewe mwenyewe hutajua kipi kilipimwa na kipi kilikisiwa."

Bi Wastani anapandisha kanga. Anatanguliza mguu mmoja kwenye pengo. Na kutoka mle ndani nasikia redio, na sauti ya mtu anayeifokea.

"Mvua gani? Toka nje utazame, ndipo utangaze."

Namshika Bi Wastani kanga, namwambia samahani mama, ngoja kidogo. Nalala kifudifudi sakafuni, naingiza mkono wa kulia mpaka begani. Baridi ni ileile ya asubuhi za Julai kwetu. Napapasa. Halafu mkono mwingine unaudaka wangu.

"Nani huyu anatuingizia upepo?"

"Ni mimi, mama. Naelijwa."

"Na makucha haya ya nani?"

Mama hakuwahi kuvumilia kucha ndefu. Tangu aliposikia kwamba nakula kwa kubonyeza vitufe, alishika imani kwamba kucha zinanichelewesha kupanda cheo. Kila nilipokwenda nyumbani alinikalisha kizingitini akazikata kwa wembe, hata baada ya macho kuanza kumpa shida, hata mwaka ule wa ugonjwa, mikono yake ikitetemeka na mimi nimefumba macho. Sasa nausikia wembe ukianza kwenye kidole kidogo.

"Umepata kazi?" akauliza.

"Wananipa, mama. Ila wanataka nizibe hapa ulipo."

Alimaliza ukucha wa kidole kimoja kabla ya kujibu.

"Ziba," akasema. "Ziba, ule. Mimi huku sina njaa."

"Nikiziba sitakusikia tena."

"Utaishi kwa kunisikia? Tulia, nitakukata."

Kabati likakohoa nyuma yangu, likakumbusha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Bwana Ngalinda akasema chai yake inapoa. Nami mama alikuwa ameniamuru, na sijawahi kufundishwa kumkatalia mama. Lakini vidole vyake vilikuwa vimenishika, vikavu, vyenye harufu ya moshi wa kuni na kitunguu. Nikawageukia wajumbe kadiri shingo ilivyoruhusu.

"Andikeni hivi," nikawaambia. "Hapa pako tupu, na mwenye mstari anajua kwa nini pako tupu. Msiweke kitu."

"Basi tunafuta mstari," ikasema printa.

Ikaanza na vidole vya miguu. Hakukuwa na maumivu, ni kama kuvuliwa soksi. Bi Wastani akaketi kando yangu, akanipapasa mgongo kiasi, akalia kiasi. Kile kitu mgongoni kikaamka, kikanitazama.

"Wananifuta, mama."

"Wameanzia wapi?"

"Miguuni."

"Basi tuna muda," akasema, akahamia kidole cha shahada.

Magoti yanaondoka. Namweleza habari za mjini haraka haraka: kwamba Dar joto ni lilelile, kwamba nimenunua redio na naiacha ikiongea peke yake jikoni, kwamba napika makande kwa gesi na hayaungui hata nikiyasahau. Akasema gesi si moto. Kiuno kinaondoka. Namwambia nimemkumbuka. Namwambia nimemkumbuka kuliko nilivyojua kwamba mtu anaweza kukumbukwa, kwamba nikipita sokoni nasimama nyuma ya akina mama waliomzidi urefu, nyuma ya akina mama wasiofanana naye hata kidogo, nikingoja wageuke.

"Najua," akasema. "Kelele zako zinafika."

"Usiondoke, mama."

"Mimi niondoke niende wapi? Ni nyinyi mnaopita."

Alimalizia kidole gumba. Upande mmoja aliacha ncha, kama siku zote, kwa sababu ya yale macho yake. Akaupuliza mkono, akaugonga mara moja kwa kiganja.

"Huu tayari. Leta na wa kushoto."

Nikautoa wa kulia. Nikajipindua ili niingize wa kushoto, lakini kifua kilikuwa kimeshakwenda na sasa ilikuwa zamu ya mabega, na mkono usio na bega haunyooshwi. Kwa mazoea, nikasikia mdomo wangu ukiwashukuru wajumbe kwa muda wao.

Nikaamka. Niko chumbani kwangu Kimara, jua linaanza kuingia dirishani, simu inalia. Asubuhi hii nina usaili wa kweli, wa kazi ninayoitaka kweli, na nilikuwa nimeitega simu iniamshe mapema nioge na kupiga pasi. Nikanyoosha mkono wa kulia kuizima. Vidole vikagusa kioo bila ule mlio wa kucha.

Nikavitazama kwenye mwanga. Kucha zimekatwa fupi zote, kwa wembe, na kwenye kidole gumba imebaki ncha upande mmoja. Za mkono wa kushoto bado ni ndefu, zina rangi niliyopaka Jumamosi.

Simu ikalia tena kunihimiza. Nikaizima kabisa. Nikalala kifudifudi ukingoni mwa kitanda, nikauteremsha mkono wa kushoto mpaka sakafuni, nikafumba macho.