Fatiha ya Jiko la Uji

Asmahani wa nyumba ya pili alidai kwamba ng'ambo ya mto Pangani kuna mama aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, hata hakukaa, akauliza neno moja tu: kibali cha kutoza mchango kiko wapi? Basi mwalimu akanywea, akatoka mwenyewe kumrudisha mtoto darasani.

"Ulikuwepo?" Mwanasiti alimuuliza.

"Mie niwepo wapi, shoga? Lakini aliyenihadithia haongezi chumvi."

"Na wewe je?"

"Mie natia kidogo, isipooze."

Mwanasiti hakucheka. Binti yake Najat, wa darasa la saba, alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi ile kwa ajili ya mchango wa uji, na mtihani wa majaribio ulikuwa unaanza baada ya mapumziko. Walishaambiwa: asiyefanya huo, asijihesabu kwenye ule wa mwisho.

Akajitupia mtandio, akamshika binti mkono, hao mpaka shuleni. Najat akabaki barazani na kalamu yake, Mwanasiti akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Najat. Umeleta?" Mwalimu Eliudi, mtu wa Lushoto, alikuwa mpole, na upole huo ndio uliowashinda watu.

"Sijaleta. Nimekuja kuuliza. Serikali imesema mchango ni hiari, mtoto asirudishwe. Kibali cha kumrudisha wangu unacho?"

Mwalimu hakunywea. Alitabasamu. "Mama, kwenye kikao cha wazazi mlikubali wenyewe. Tena mkasoma fatiha. Mimi Mlutheri, lakini huku pwani nimekaa, najua: jambo mkishalisomea fatiha limefungwa. Leo unataka kulifungua wewe?"

Kweli waliisoma, na Mwanasiti mwenyewe alinyanyua viganja. Nani angetaka kuonekana anachezea fatiha? Ndiyo maana kijiji kizima kilinyamaza huku watoto wanarudishwa mmoja mmoja. Alikwishashika kiti ainuke, ndipo akayakumbuka maneno ya shehe aliyewasomesha fatiha siku ile.

"Mwalimu, tuliisomea jiko la uji. Shehe alisema mwenye uwezo achangie, Mungu atie baraka. Kufukuza mtoto hatukukusomea. Hilo umelitia wewe, sisi tumeshaitikia amina."

Tabasamu likaondoka. Nje kengele ikagongwa, na kule darasani madawati yakaburutwa yatengane.

"Uji asinywe, sawa," Mwanasiti alisema. "Lakini mtihani afanye. Mwite aingie, mwalimu. Yuko hapo mlangoni."

Mwalimu Eliudi alitazama mlango. Dirishani zilionekana karatasi zimeanza kugawiwa, safu ya mbele.

"Mwalimu, nakuomba. Mwite."