Nusu Mzunguko Kila Mwaka

Plau la baba lilikuwa limeinama upande wa kulia, na jambo hilo lilinikera karibu sawa na msiba wenyewe. Najua si maneno ya mtoto mwenye adabu. Lakini mimi ni fundi wa vyuma, nina karakana yangu mjini, na nikiona chombo kimekaa kombo mbele ya macho yangu hata chakula hakipiti. Baba alikuwa akiniita Vipimo, na hakuwa akinisifu.

Miaka sita nyuma nilikuja nyumbani nikalinyoosha plau lile bila kumwuliza mtu. Jioni nikamkuta anazungusha mpini wa kulirekebishia, analirudisha lilivyokuwa. Tukagombana mbele ya mama. Nilimwambia amelima maisha yake yote na bado hajui kufunga plau, na kwamba sitaligusa tena hata anipigie magoti. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani. Tangu siku ile tukawa watu wa salamu tu, na miezi minne iliyopita tulimzika akiwa na miaka sabini na minane.

Sasa mvua zilikuwa zimekaribia, na dada yangu mdogo, aliyebaki na mama, akanipigia simu. Alikuwa amejifunza kuendesha trekta la baba, lile dogo jekundu lililotuzidi umri sote wawili. Linawaka vizuri, alisema, ila plau linamvuta kulia mpaka mabega yanamuuma. Nikafunga karakana, nikaenda. Sitaficha: nilikwenda na furaha ya mtu ambaye hatimaye atashinda ubishi.

Kazi ya kulisawazisha plau si ngumu kwa mwenye subira. Wakati wa kulima, magurudumu ya kulia hutembea ndani ya mfuo, ule mtaro uliokwisha kukatwa na plau, ya kushoto juu ya ardhi ngumu, kwa hiyo trekta zima huinama. Plau lenyewe halitakiwi kuinama nalo. Ndiyo maana unapandisha magurudumu ya kushoto juu ya matofali yenye kimo cha mfuo, unashusha plau, kisha unazungusha mpini wa skrubu iliyo kwenye mkono wa kulia wa kunyanyulia plau mpaka fremu ikae sawa. Nilipoweka pima maji juu ya fremu, kiputo cha hewa kilikimbilia mwisho kikajibanza huko. Nikazungusha, nikazungusha, mpaka kikatulia katikati. Nilijisikia vizuri sana.

Mama alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko, pale shamba linapoanzia, anachambua mbegu.

"Liache alivyoliacha," alisema.

Nikamwuliza sababu. Akasema baba alikuwa na zake. Nikamjibu kwamba sababu ambayo haionekani kwenye pima maji mimi siijui. Dada alicheka. Mama aliinamia ungo wake.

Kulikuwa na kosa la pili. Plau humwaga udongo kulia siku zote. Mkulima anayejua kazi mwaka huu ataanza katikati ya shamba na kuzunguka, udongo uingie ndani, na mwakani ataanza pembeni, udongo urudi nje, ili shamba libaki tambarare. Dada aliniambia baba alianza katikati kila mwaka, tangu yeye apate akili. Nikamwambia basi huko katikati lazima kuna tuta la kumfika mtu kiunoni. Tukaenda kuangalia.

Hakukuwa na tuta. Niliweka ubao chini, nikaweka pima maji juu yake. Palikuwa pamenyooka, tena pamebonyea kidogo. Nikasema lazima ni mvua imeusomba udongo. Ni mvua gani inayosomba udongo wa katikati ikauacha wa pembeni, hilo sikutaka kujiuliza.

Dada akaanza pembeni, kama nilivyomwelekeza, udongo ukimwagwa nje. Plau lilikwenda kama lilivyotengenezwa kwenda. Nilifuata nyuma ndani ya mfuo, nikipima kina kwa kipande cha nondo, na kila nilipopima nilikuwa namjibu marehemu.

Alasiri kilibaki kipande chembamba katikati, hatua tatu hivi. Plau likikata ardhi hutoa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na mlio huo ulikuwa masikioni mwangu tangu asubuhi. Pale ukakoma. Injini ilinguruma, bapa la plau liligeuza udongo, lakini udongo wenyewe ulikuwa kimya. Ndipo nikaona kwamba haukai. Kila bonge lililogeuzwa lilijiviringisha likashuka ndani ya mfuo, taratibu, likapotea. Nikaichoma ardhi kwa nondo. Ilizama bila kukwama popote, ikanitoka mkononi. Nilisubiri isikike ikigonga chini, lakini sikusikia kitu.

Gurudumu kubwa la kulia lilikuwa limeanza kuinama.

"Nyanyua plau," nilimwambia dada. "Usisimame. Usiangalie nyuma. Nenda tu."

Nashukuru alinisikia. Plau lilipanda, trekta likayumba, likajikokota mpaka kwenye ardhi ngumu. Aliposhuka akakaa chini. Sijawahi kuogopa namna ile. Ana miaka ishirini na sita, na ni mimi niliyempeleka pale kwa vipimo vyangu. Nyuma yetu palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani. Tulipoangalia tena lilikuwa la ukubwa wa beseni.

Mama alikuja na sanduku la vifaa vya baba, bila kukimbia. Alituambia kwamba baba aliliona shimo lile mara ya kwanza mwaka aliozaliwa dada, wakati mimi niko shule ya bweni. Alilijaza, na mwaka uliofuata likafunguka tena palepale. Kila mwaka lilitaka udongo kidogo zaidi ya mwaka uliopita, na baba akagundua kwamba plau likiinamishwa kulia linarusha udongo mbali zaidi, unafika katikati. Mwaka mmoja aliumwa mgongo akachelewa kulima. Likala banda la mbuzi. Nililikumbuka banda lile. Niliandikiwa kwamba limebomolewa.

Sikubisha. Nililoweka kitambaa kwenye mafuta ya taa nikasugua ile skrubu ya mkono wa kulia, iliyojaa grisi na vumbi. Chini ya uchafu kulikuwa na alama, zimekatwa kwa tupa, moja baada ya nyingine, na kutoka alama hadi alama ni nusu mzunguko kamili wa mpini. Nilizihesabu. Zilikuwa ishirini na sita. Nikarudisha plau mpaka kwenye ile ya mwisho.

"Ongeza nusu," mama alisema.

Nikaongeza nusu. Nikapanda trekta mwenyewe, nikaanza karibu na shimo kadiri moyo ulivyoniruhusu, nikazunguka udongo ukimwagwa ndani. Plau lilinivuta kulia mpaka mabega yakawaka moto. Lilikuwa limekaa vibaya kabisa, na lilirusha udongo kule hasa ulikotakiwa. Jua lilipokaribia kuzama shimo lilikuwa limejaa na juu yake kuna tuta la kunifika magotini.

Asubuhi tuta halikuwepo. Palikuwa tambarare, na mama alikuwa ameshafika kabla yangu.

"Limetosheka," alisema.

Nilikata alama ya ishirini na saba, na nilipokuwa nakata nikaona kwamba nyuzi za skrubu zinakaribia kwisha. Ulibaki mzunguko mmoja, yaani misimu miwili. Nikawaambia wafungashe, twende wote mjini. Dada alimtazama mama.

"Na nani atajaza?" mama aliuliza, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anauliza nani atachota maji. Kisha akafungua lile sanduku, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

Kilikuwa kijiti cha mti mgumu, kimechongwa vizuri, kimechorwa nyuzi kwa penseli, na pembeni vipimo kwa milimita. Mzee aliyekuwa akinicheka kwa kupima kila kitu alikuwa amepima bila kukosea hata mstari mmoja. Kilikuwa kirefu kuliko ile skrubu. Mwisho wake kaandika: Vipimo.

"Mara mbili alikwenda stendi ya basi akuletee mjini," mama alisema. "Mara mbili akarudi. Alisema utamwuliza kwa nini, na akikueleza utacheka."

Ni kweli, ningecheka. Nilikaa juu ya tofali nililotumia kusawazishia plau, nikalia mbele yao bila kujificha.

Niko karakana sasa, skrubu mpya iko kwenye mashine, nimebakiza kuipaka mafuta. Nilipiga hesabu, maana siwezi kujizuia. Kutoka alama ya mwaka huu hadi mwisho wa kijiti ni milimita themanini, na nusu mzunguko ni milimita mbili. Ni miaka arobaini. Mimi nina thelathini na minane.

Alinipa umri wake mwenyewe, miaka sabini na minane, wala hakuzidisha. Chuma kilikuwa kinatosha kuongeza, na nilitamani sana kuongeza, lakini aliyepima ni yeye. Nimekata palepale alipochora.